Je, Wajua? Upepo Ukifungiwa Bombani

Tairi likikaa kwenye rimu miaka miwili hung'ang'ania kama kupe. Zamani fundi alilibandua kwa nyundo, vyuma viwili na matusi ya kutosha. Siku hizi analiegemeza kwenye mashine, anakanyaga pedali, kiganja cha chuma kinasogea, na tairi linaachia rimu kwa kishindo kidogo. Fundi hakutoa jasho. Kazi ilifanywa na upepo.

Upepo huo, ambao vitabu vya shule huuita hewa iliyogandamizwa na mafundi huuita upepo tu, ulitoka kwenye tangi la kompresa, ukapita kwenye mpira, ukaingia ndani ya silinda iliyofungwa ubavuni mwa mashine. Silinda ni bomba lililozibwa pande zote mbili. Ndani yake mna pistoni, kisahani kinachoteleza huku na huku, na pistoni imeshikamana na fimbo ya chuma iliyotokeza nje. Upepo ukiingia nyuma ya pistoni, fimbo inatoka. Ukiingia mbele yake, fimbo inarudi. Aliyewahi kushika bomba la sindano ameshika silinda. Ziba tundu lake kwa kidole, sukuma, kisha achia: hewa itaurudisha mkono wako kama springi. Robert Boyle aliitangaza kanuni ya jambo hilo mwaka 1662. Ukiibana hewa hadi ibakie nusu ya nafasi yake, bila kubadili joto lake, msukumo wake huwa maradufu.

Je, wajua kwamba upepo uleule hutoa kilo 29 au kilo 471?

Geji ya kompresa ikionyesha kilo 6, maana yake kila sentimita ya mraba ya pistoni inasukumwa kwa uzito wa kilo 6. Basi nguvu ya silinda haitokani na ukali wa upepo peke yake. Inatokana pia na upana wa kisahani kinachosukumwa. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 2.5 itasukuma kilo 29 hivi. Ya sentimita 5 itasukuma kilo 118, na ya sentimita 10 kilo 471. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na hapo ndipo wengi wanaonunua silinda kwa kukadiria kwa macho hukosea. Kwenye gereji ya matairi, silinda yenye kipenyo cha sentimita 20 ikipewa kilo 8 inatoa zaidi ya tani mbili na nusu, ukiacha kidogo kinacholiwa na msuguano. Tairi gani litabisha?

Kurudi si sawa na kwenda. Upande wenye fimbo una nafasi ndogo, kwa kuwa fimbo yenyewe imekalia sehemu ya kisahani. Ile silinda ya sentimita 5, ikiwa fimbo yake ina unene wa sentimita 2, husukuma kilo 118 lakini huvuta kilo 99 tu. Ndiyo maana waunda mashine hupenda kazi nzito iwe ya kusukuma, na kurudi kuwe bila mzigo.

Je, wajua kwamba lori likiishiwa upepo halikimbii, bali hugoma?

Alfajiri kwenye stendi, basi kubwa hunguruma dakika kadhaa kabla ya kung'oka. Dereva anasubiri upepo ujae. Abiria wengi hudhani upepo huo wote ni wa kufunga breki. Breki ya kukanyaga kweli hufungwa na upepo. Breki ya kuegeshea ni kinyume chake: springi nene ndiyo inayofunga, na kazi ya upepo ni kuizuia springi hiyo isifanye inalotaka. Mpira ukipasuka njiani na upepo ukaisha, springi inajinyoosha na magurudumu yanakamatwa. Springi hiyo imebanwa ndani ya chemba kwa nguvu kubwa kiasi kwamba anayefungua chemba bila kuibana kwanza springi kwa bolti yake maalumu anaweza kupoteza maisha.

Ujanja huu wa kugeuza mambo ulianzia kwenye treni. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22. Kabla yake, wafunga breki walitembea juu ya mapaa ya mabehewa, treni ikiwa inakwenda, wakizungusha usukani wa breki wa behewa moja hadi jingine, na wengi walianguka. Breki yake ya kwanza ilipeleka upepo kutoka kwenye kichwa cha treni hadi kwenye silinda zilizo chini ya mabehewa. Ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na ila moja ya kutisha. Treni ikikatika katikati, bomba nalo hukatika, na breki hutoweka saa ileile inapohitajika. Mwaka 1872 akaigeuza. Kila behewa likapewa tangi lake dogo, na upepo uliomo kwenye bomba refu ukawa kama mkono unaosema "ngoja". Upepo wa bomba ukipungua kwa sababu yoyote, tangi la behewa linamwaga upepo wake kwenye silinda na breki zinafunga zenyewe. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikazilazimisha kampuni za reli kutumia breki za namna hiyo.

Wazo la kutumia upepo alilipata kwa kusoma jarida. Humo mlikuwa na habari za handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, kwa mashine za kutoboa mwamba zilizoendeshwa kwa hewa. Kazi ilianza mwaka 1857 na handaki likafunguliwa mwaka 1871, likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 12. Upepo ulifaa kuliko mvuke kwa sababu iliyo wazi: mashine ya mvuke ingewakosesha wachimbaji pumzi, ilhali mashine ya upepo ikishamaliza kazi inawapulizia hewa ya kuvuta. Wasomaji wa majarida, mmesikia.

Je, wajua kwamba baba wa elimu ya upepo alikuwa mtoto wa kinyozi?

Ktesibios aliishi Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Mrumi Vitruvius anasimulia kwamba alitaka kioo cha duka la baba yake kipande na kushuka kwa wepesi. Akakifungia kamba, na mwisho wa kamba akaning'iniza tonge la risasi ndani ya mrija uliofichwa. Tonge lilipoteremka kwa kasi, hewa iliyokuwa mrijani ilibanwa, ikatoka kwa mlio. Mwingine angeupaka mrija mafuta ili ukome kelele. Yeye alikaa akausikiliza, na kutokana na mlio ule akaja kubuni pampu yenye silinda mbili na vali zake, pamoja na kinanda kilichopulizwa kwa hewa iliyotulizwa na maji. Vitabu alivyoandika vimepotea vyote. Tunamjua kwa maneno ya waliomfuata.

Huku kwetu upepo ulitiwa kazini kwa wahunzi. Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya walilijenga upya tanuru la jadi katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti, kazi ambayo walikuwa wameiacha kwa miaka mingi. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1978 na Peter Schmidt na Donald Avery, ulionyesha kwamba mirija ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na kwa maoni ya watafiti hao hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Mivukuto ya bara mara nyingi ni ya ngozi ya mbuzi iliyofungwa juu ya kitako cha mti au udongo. Ngozi hupandishwa na kushushwa, bila pistoni.

Vuka sasa hadi Madagaska. Huko mhunzi wa jadi hakutumia ngozi. Alisimamisha magogo mawili yaliyotobolewa kama vinu virefu, akaingiza pistoni katika kila moja, akawa anasukuma hii akivuta ile, na upepo ukatoka bila kukatika. Hizo ni silinda kamili, za mti. Ukitafuta ndugu zake hutazipata ng'ambo ya mlangobahari wa Msumbiji; utazipata Borneo, Sumatra na visiwa jirani, kulekule ambako lugha ya Kimalagasi ina asili yake. Waliovuka bahari kwa ngalawa walikuja na maneno yao na namna yao ya kufungia upepo. Wachina nao walikuwa na sanduku la mbao lenye pistoni iliyopuliza ikienda na ikirudi. Picha zake zimo katika kitabu cha ufundi cha Song Yingxing cha mwaka 1637. Silinda za viwandani leo, zinazosukuma pande zote mbili, zina akili ileile.

Je, wajua kwamba manyoya ya kuku yaliwahi kufanya kazi ya raba?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, na kwa maoni yangu ndipo panapoheshimiwa kidogo kuliko panavyostahili. Bomba si shida. Pistoni si shida. Shida ni ule ukingo mwembamba baina ya pistoni na bomba. Ukiubana mno, pistoni inakwama. Ukiulegeza, upepo unapita na kazi haifanyiki. Historia ya silinda ni historia ya kitu laini kilichowekwa ukingoni hapo.

Wahunzi wa Asia ya Kusini-Mashariki na Wachina walitumia manyoya ya ndege. Yakizungushiwa pistoni, hulala inaporudi na kusimama inaposukuma, hivyo huziba bila kukwaruza. James Watt, karne ya 18, alihangaika na kamba za katani zilizolowa shahamu, maana silinda za mvuke za wakati wake hazikuwa duara sawasawa. Alipata nafuu baada ya John Wilkinson kutengeneza, mwaka 1774 na 1775, mashine ya kukereza iliyotoboa silinda pana kwa kosa lisilozidi unene wa sarafu.

Halafu ikaja ngozi. Fungua pampu ya zamani ya baiskeli utaikuta: kikombe cha ngozi kilicholowa mafuta, mdomo wake ukielekea mbele. Ukisukuma, hewa yenyewe inaufungua mdomo na kuubandika kwenye kuta. Ukivuta, mdomo unakunjamana na kuruhusu hewa mpya ipite. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu, ndivyo inavyoziba zaidi. Ikikauka, pampu inakuwa mbwa asiye na meno, na dawa yake ni tone la mafuta. Sili za leo, yaani vizibo hivyo vya ukingoni, zimebadilisha ngozi kwa raba, lakini umbo la kikombe halijabadilika.

Oringi, ile pete ya raba ambayo kila gereji inayo kwenye kopo, ina hadithi yake. Niels Christensen, Mdenmark aliyehamia Marekani, alikuwa amejishughulisha muda mrefu na breki za upepo za tramu. Mwaka 1937, akiwa amepita miaka 70, aliomba hataza ya pete ya raba iliyolazwa ndani ya mfereji mpana kuliko pete yenyewe. Akaipata mwaka 1939. Siri ilikuwa katika upana wa mfereji. Pete inapata nafasi ya kusogea na kujikanda kidogo, na msukumo unaotaka kupita ndio unaoigandamiza ikazibe. Ikafika Vita Kuu ya Pili, na serikali ya Marekani ikaichukua kwa ajili ya ndege zake.

Pete hizo zina ubaya wao. Januari 28, 1986, asubuhi ya baridi kali Florida, oringi kubwa za roketi ya chombo cha anga Challenger zilikuwa zimekakamaa, hazikuwahi kujinyoosha na kuziba. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wote waliokuwamo wakafa.

Raba yenyewe si moja. Utomvu wa mpira hutoa raba nzuri sana, lakini ikikutana na mafuta ya mashine huvimba na kulegea. Ndiyo maana sili nyingi za silinda ni za nitrili, raba ya viwandani iliyozaliwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930, isiyojali mafuta na inayostahimili joto la nyuzi 80 hivi bila matata. Kwenye vumbi na kazi ya mfululizo huwekwa poliyurethani, ngumu kuchanika. Karibu na matanuri hutafutwa raba yenye florini, nayo bei yake huwafanya wenye viwanda wakune vichwa.

Je, wajua kwamba ukuta wa silinda umepakwa ndugu ya yakuti?

Mabomba mengi ya silinda za leo ni ya alumini. Ni nyepesi, haishiki kutu kama chuma, lakini ni laini. Pistoni ingeichimba mapema. Basi bomba hutumbukizwa katika tindikali na kupitishiwa umeme, na juu yake hujijenga tabaka jembamba la oksidi ya alumini. Oksidi hiyo, ikijipanga vizuri kwa fuwele chini ya ardhi na kutiwa rangi na chembe za kromu, ndiyo yakuti nyekundu inayochimbwa Longido, Tanzania. Kwenye silinda haing'ari, wala hakuna atakayeivaa pete, lakini ni ngumu kuliko alumini iliyoizaa.

Alumini ina faida nyingine. Haizuii sumaku. Pistoni nyingi hufungiwa pete ya sumaku, na nje ya bomba huwekwa kidude kinachoihisi sumaku hiyo ikipita, hivyo mashine inajua pistoni imefika wapi bila kutoboa tundu. Bomba la chuma cha kawaida lingeivuruga habari hiyo. Viwanda vya maziwa na soda, ambako kila kitu huoshwa kwa maji na dawa kali, hutumia chuma kisichoshika kutu. Fimbo kwa kawaida ni chuma kigumu kilichopakwa kromu na kung'arishwa kama kioo, maana kila mkwaruzo wa fimbo ni kisu kwa sili inayoizunguka. Na pale fimbo inapotokea hukaa bushi ya bronzi, mara nyingi iliyotengenezwa kwa unga wa madini uliokandamizwa na kuchomwa. Imejaa vinyweleo vinavyofyonza mafuta na kuyatoa kidogo kidogo.

Zipo hata silinda za kioo, zenye pistoni ya grafiti iliyochongwa ikatoshea barabara, bila sili yoyote. Upepo kidogo hupenya ukingoni, na wenyewe wameridhika, kwa kuwa kilichotafutwa hapo ni pistoni inayoteleza kwa msukumo mdogo mno.

Je, wajua kwamba kompresa ya pwani huzaa maji?

Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam imejaa mvuke. Kompresa ikiibana na tangi kuipoza, mvuke hauna pa kukaa, unageuka maji yanayotuama chini ya tangi. Fundi makini hufungua koki ya chini kila siku na kuyamwaga. Asiyemwaga huyapeleka kwenye silinda, yakaosha mafuta ya sili na kuanzisha kutu. Na kama kazi yake ni kupiga rangi magari, mteja atayaona matone hayo mlangoni mwa gari lake. Uvujaji nao hutafutwa kwa kifaa cha bei rahisi kuliko vyote: maji ya sabuni. Panapotoka povu ndipo pesa za umeme zinapokimbilia. Na ni pesa kweli, maana kompresa hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto tu, kama utakavyojua ukishika shina la pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi.

Je, wajua kwamba kiti cha ofisini nacho ni silinda?

Kile kinachopanda ukivuta wenzo kina naitrojeni iliyobanwa pande zote mbili za pistoni. Ungedhani pande zitalingana na pistoni itulie. Lakini upande wa fimbo, kama tulivyoona, una eneo dogo, hivyo gesi daima inaisukuma fimbo itoke, nawe huirudisha kwa uzito wako. Kiti cha kinyozi kwa kawaida ni cha mafuta, si cha upepo. Sijui mtoto wa kinyozi wa Aleksandria angesemaje.

Upepo uliwahi kusukuma hata mishale ya saa: Paris kulikuwa na saa za upepo. Kuanzia mwaka 1880, kampuni moja ilituma mpigo wa hewa kwa mabomba kila dakika, na kila mpigo ulisogeza mishale ya saa za barabarani na majumbani hatua moja. Mafuriko ya mto Seine ya Januari 1910 yalipoizamisha mitambo, saa za mji zilisimama pamoja.

Je, wajua kwamba ipo silinda isiyo na silinda?

Chukua mpira laini, uvishe wavu uliosukwa kwa nyuzi zisizovutika, ziba ncha, jaza upepo. Mpira unataka kunenepa. Wavu unaukubalia unene kwa sharti la kufupika. Unavuta, kama msuli wa mkono unavyofanya. Hauna pistoni, wala fimbo, wala ukingo wa kuziba. Aliyeutumia hivyo miaka ya 1950 alikuwa Joseph McKibben, mwanafizikia wa Los Alamos, yuleyule aliyewasha mtambo wa kuhesabia sekunde za mwisho kabla ya bomu la kwanza la atomiki kujaribiwa New Mexico, Julai 16, 1945. Polio ilikuwa imempooza binti yake. Msuli wa mpira na wavu, ukilishwa gesi kutoka chupa ndogo, ulifungwa kwenye mkono wa binti huyo, na vidole vikaweza kukutana na kushika kitu.